Intero, QCM, mdomo au TP: uchague nini unapopewa kozi chuoni Lubumbashi

Kila mwaka wa masomo unapoanza Lubumbashi, kuna asistenti au mhadhiri mpya anayekabidhiwa kozi. Anapewa saa zake, ukumbi wake na silabusi ya aliyemtangulia. Kuhusu kupima haambiwi kitu, basi anawapima wanafunzi jinsi alivyopimwa yeye. Aliyelelewa Polytechnique, kitivo cha uhandisi, anatoa hesabu 4 ndefu. Aliyetoka Sheria anatoa swali moja na kurasa tupu. Aliyetoka Tiba anatoa maswali 60 ya kuchagua jibu, yaani QCM. Wote wanarudisha pointi juu ya 20, na kwenye kikao cha juri (wahadhiri wanaoamua nani amefaulu) namba hizo zinapangwa safu moja kana kwamba zinasema jambo moja.

Hazisemi jambo moja. 12 ya maswali ya kuchagua, 12 ya insha na 12 ya mdomo ni habari tatu tofauti kuhusu kijana huyo huyo. Na tangu LMD (mfumo wa licence, master na doctorat) ilipoenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, pamoja na semesta zake za krediti 30, mhadhiri anapima mara nyingi zaidi kwa muda mfupi zaidi. Hana nafasi ya kuchagua njia kwa mazoea.

Hapa nalinganisha njia hizo kitivo kwa kitivo, nikiwa na swali moja: njia hii inaweza kunionyesha kosa gani, na ni kosa gani litapita mbele yangu bila kuonekana? Naamini hilo ndilo swali la kuchagulia. Kosa lisiloonekana chuoni linatoka na mwenye diploma. Litamkuta mgonjwa pale hospitali ya Sendwe, litamkuta mchimbaji Kolwezi, litamkuta mjane mwenye parseli (kiwanja) Katuba.

Hesabu za Polytechnique na insha za Lettres (lugha na historia)

Wengi chuoni wanaamini kwamba hesabu husahihishwa kwa haki na insha husahihishwa kwa hisia. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Nchini Ufaransa, katika miaka ya 1930, Laugier na Weinberg walichunguza jinsi karatasi za mtihani wa baccalauréat zinavyosahihishwa. Wakakokotoa idadi ya wasahihishaji ambao wangehitajika kwa karatasi moja ili wastani wa pointi zao utulie. Kwa hesabu walipata 13. Kwa fizikia 16. Kwa insha ya Kifaransa 78. Kwa falsafa 127.

Kwa hiyo ni kweli, falsafa inayumba kuliko hesabu, karibu mara 10. Lakini itazame tena ile 13. Hata hesabu, ambayo tunasema haina ubishi, haikutosheka na msahihishaji mmoja wala watano. Marekani, mwaka 1913, Starch na Elliott walituma karatasi moja ya jiometri kwa walimu zaidi ya 100. Pointi zilirudi zikianzia chini ya 30 hadi zaidi ya 90 juu ya 100, kwa karatasi ile ile.

Aliyewahi kusahihisha hesabu anajua inavyotokea. Chukua swali la kawaida la kemia ya madini: malakiti safi, lile jiwe la kijani linalouzwa mjini kwetu kama mapambo, ina shaba kiasi gani? Jibu ni asilimia 57,5 hivi. Mwanafunzi wa kwanza ameandika 57,5 bila hatua hata moja. Wa pili ameandika hatua zote sawasawa, akateleza kwenye mgawanyo wa mwisho, akapata 54. Wa tatu amepata 68, kwa sababu aliacha hidroksidi nje ya fomula, na hakushtuka. Msahihishaji anayetazama jibu la mwisho tu atampa wa kwanza pointi zote na wawili wengine sifuri. Anayetazama hatua atampa wa pili karibu zote, atapata shaka juu ya wa kwanza, na atajua kwamba wa tatu haelewi madini anayoyahesabu. Kosa la wa pili ni la mkono. Kosa la wa tatu ni la kichwa, nalo ndilo la hatari katika jimbo linaloishi kwa shaba.

Ndiyo maana nawashauri wenzangu wa Polytechnique na Sayansi waongeze swali la aina nyingine: "Maabara imekuletea ripoti. Sampuli inasemwa ni malakiti safi, shaba asilimia 68. Je, utaitia sahihi? Eleza." Hapo kikokotoo peke yake hakimsaidii mtu. Atahitaji kujua kikomo kiko wapi na kwa nini. Swali kama hilo husahihishwa kwa dakika 3, na linaonyesha kosa ambalo hesabu 4 ndefu zinaweza kulificha mwaka mzima.

Upande wa Lettres tatizo liko kwingine. Swali la "Eleza mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941" hupata majibu mazuri ya kusomeka: tarehe, mishahara, uwanja wa michezo ambako watu walipigwa risasi Élisabethville. Mwanafunzi amemeza silabusi na ameitapika vizuri. Usichokiona ni kama anajua mwanahistoria anajuaje. Badala yake mpe matini mbili fupi, moja ya utawala wa kampuni na nyingine ya ushuhuda wa familia ya mfanyakazi. Mwulize ni mambo gani yanathibitishwa na pande zote mbili, yapi na upande mmoja tu, na kwa nini. Lubumbashi ina bahati katika hili, kwa maana wanahistoria wa chuo chetu wamekusanya kumbukumbu za wakazi kwa miaka mingi. Ushuhuda wa kambi za wafanyakazi upo, haujafa na wazee.

Kuhusu kuyumba kwa pointi za insha, dawa inayofanya kazi ni gridi fupi. Mistari minne inatosha: anatofautisha vyanzo; anataja nani anasema na lini; analinganisha; anafikia hukumu yenye sababu. Pointi 5 kila mstari. Kaa na mwenzako, sahihisheni karatasi 20 za kwanza kila mtu peke yake, kisha linganisheni. Mtagundua mara moja mstari gani kila mmoja wenu alikuwa anausoma kwa maana yake. Baada ya hapo kila mtu aendelee na zake, akisahihisha swali la kwanza la karatasi zote kabla ya kwenda la pili, na majina yakiwa yamefunikwa.

Kuna jambo moja zaidi linalohusu vitivo vyote, nalo linaniuma. Vijana wetu wanaeleweshana kwa Kiswahili usiku, homu (bweni) kwa homu, na asubuhi wanaandika kwa Kifaransa. Ukikata pointi kwa kila kosa la Kifaransa ndani ya insha ya historia au jibu la sheria, ujue unapima Kifaransa. Inawezekana hilo nalo ni lengo lako, na mwanasheria kweli anahitaji Kifaransa cha kuandikia hoja zake. Basi liandike kwenye gridi, tuseme pointi 3 juu ya 20, na mwanafunzi aone alikopoteza. Lisilokubalika ni kuzikata kimyakimya katika kila mstari, mpaka mwenye fikra nzuri na Kifaransa kigumu anaonekana mjinga.

QCM: hesabu yake kabla ya kuichagua

QCM inapendwa mahali penye watu wengi, na mwaka wa kwanza wa Tiba ndio mfano. Ukiwa na vijana 600 ukumbini, kusahihisha maswali ya kuandika kwa dakika 15 kila karatasi ni saa 150. Hakuna asistenti anayefanya saa 150 kwa umakini ule ule. Karatasi ya mwisho haisomwi na mtu yule aliyesoma ya kwanza, hata kama sahihi ni moja. QCM inaondoa uchovu huo na kuyumba kwa msahihishaji, na hilo si jambo dogo.

Lakini ina hesabu yake. Chukua maswali 20, kila moja na majibu 4. Anayejibu kwa kubahatisha yote atapata 5 kwa wastani. Nafasi yake ya kufika 10 ni kama 14 katika 1 000, kwa hiyo huyo si wa kuogopwa. Wa kutazama ni yule anayejua maswali 7 kwa hakika. Yale 13 yanayobaki akiyabahatisha atapata 3 na ushee, na jumla inavuka 10. Yaani kijana anayejua theluthi moja ya kozi anafaulu, bila kuibia, bila kumsumbua mtu.

Wengine wanarekebisha kwa kukata theluthi ya pointi kwa kila jibu baya. Hesabu inakaa sawa: anayejua nusu ya maswali na kubahatisha nusu nyingine atapata 12,5 sahihi na 7,5 mabaya, ukikata theluthi anabaki na 10, pale pale anapostahili. Mimi naikubali njia hiyo kwa sharti moja: itangazwe siku ya kwanza ya kozi na irudiwe juu ya karatasi ya mtihani. Kuwashtukiza wanafunzi kwa kanuni ya namna hiyo siku yenyewe kunampima mwenye roho ngumu, wala si mwenye elimu.

Nguvu ya QCM iko kwenye majibu mabaya. Watunzi wengi hutumia muda wao wote kwenye jibu sahihi, kisha hujaza mengine ovyo. Rudi kwenye malakiti. Weka 57,5, 67,9, 78,9, 28,7. Aliyechagua 67,9 amesahau hidroksidi. Aliyechagua 78,9 amesahau kaboneti. Aliyechagua 28,7 amehesabu atomi moja ya shaba badala ya mbili. Sasa QCM yako inasema nani amekosea wapi, na ukihesabu waliochagua kila herufi utajua somo gani urudie wiki ijayo. Ninapolinganisha na insha, hapa QCM inashinda: insha 600 hazikupi picha hiyo kwa usiku mmoja.

Isichoweza kuonyesha ni mtu anayejua kuchagua jibu lakini hawezi kulianzisha mwenyewe. Daktari hapewi magonjwa manne achague moja. Mgonjwa anakuja na homa na hadithi ndefu, basi. Kwa hiyo QCM iwe ya intero (majaribio madogo ya katikati ya kozi) na ya kozi za msingi, anatomia, istilahi za sheria, mpango wa hesabu wa SYSCOHADA (mfumo wa uhasibu) kwa watu wa uchumi. Isibaki kuwa kipimo pekee katika mwaka wa mwisho wa kitivo chochote. Na katika kumbi zetu, ambako mabega yanagusana, tengeneza matoleo mawili yenye mpangilio tofauti wa maswali. Gharama ya fotokopi ni ile ile.

Mtihani wa mdomo wa Sheria na vituo vya Tiba

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa na faida kubwa, kwa sababu njia hizi mbili zinafanana kwa sura na zinatofautiana kabisa kwa mamlaka.

Mdomo una sifa ambayo karatasi haina: unaweza kuuliza tena. Mfano wa sheria ya ardhi. Mama mmoja alinunua parseli Katuba kwa karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi, akajenga. Muuzaji akaiuza tena kwa mtu wa pili, na huyo akapata certificat d'enregistrement, hati ya usajili. Miaka 3 imepita. Mama afanye nini? Mwanafunzi aliyesoma sheria ya tarehe 20 Julai 1973 atasema kwamba haki ya kutumia ardhi inathibitishwa na hati ya usajili, na kwamba baada ya miaka 2 hati hiyo haishambuliwi tena, kwa hiyo kinachobaki kwa mama ni kudai fidia. Vizuri. Sasa muulize: na kama ingekuwa miezi 18? Aliyekariri ananyamaza. Aliyeelewa macho yanamfunguka, anaanza kupanga hoja upya mbele yako. Hakuna swali la kuandika linaloweza kufanya hivyo, kwa sababu karatasi haijui mwanafunzi amejibu nini ili imfuate.

Kwa muda pia mdomo si ghali kama watu wanavyodhani. Dakika 10 kwa vijana 600 ni saa 100, pungufu ya zile 150 za kusahihisha. Tatizo ni kwamba mdomo hauachi alama nyuma. Mwanafunzi akikata rufaa, juri itatazama nini? Na mbele ya mtu mmoja aliyekaa na mwanafunzi mmoja, mlango umefungwa, mambo mengi huingia: jina la ukoo, jimbo la asili, mavazi, uhusiano na mkubwa fulani. Huingia pia biashara ya pointi na unyanyasaji wa wasichana, ambao vyuo vyetu vimeuvumilia muda mrefu mno. Nasema wazi: mtihani wa mdomo wa mtu mmoja bila shahidi na bila gridi ya maandishi haufai kuchaguliwa, hata na mhadhiri mwadilifu. Mwadilifu naye anahitaji kitu cha kumlinda dhidi ya maneno.

Tiba ilikutana na tatizo hilo hilo ikalitatua kwa namna ambayo vitivo vingine vingeweza kuiga. Mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, na wenzake walichapisha mtihani wa vituo, ambao kwa Kifaransa unajulikana kama ECOS. Wanafunzi wanazunguka kituo hadi kituo, kila kituo kina kazi moja, dakika zilizopimwa, na msimamizi mwenye orodha ya mambo ya kutazama. Miaka 15 baadaye, mwaka 1990, George Miller alipanga ngazi nne ambazo walimu wa tiba bado wanazitumia: kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha kwamba unaweza, na kufanya kweli kazini. QCM inafika ngazi ya kwanza, na ikitungwa vizuri ya pili. Vituo vinafika ya tatu. Ya nne utaiona wodini hospitalini, kwenye staji (mafunzo kazini), kwa kumfuata mwanafunzi kitanda hadi kitanda.

Fikiria kituo kimoja kwa mazingira yetu. Mama ameketi na mtoto wa miaka 2 mwenye homa. Mwanafunzi ana dakika 5. Orodha ya msimamizi inauliza: je, amemsalimu mama na kujitambulisha? Ameuliza kama mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Kama anatapika kila kitu? Kama amepata degedege? Ametazama kama amelegea au hana fahamu? Zile ni dalili za hatari ambazo kila mhudumu wa watoto anapaswa kuzisaka kabla ya yote. Na mazungumzo hayo, Lubumbashi, ni ya Kiswahili. Nimeona wanafunzi wenye pointi nzuri za karatasi, wanaojua kuandika ukurasa mzima wa Kifaransa juu ya malaria kali, wakikwama kumwuliza mama maswali hayo kwa lugha ya nyumbani kwake. Mtihani wa karatasi ulikuwa hauwezi kabisa kulionyesha kosa hilo, na ni kosa linaloua.

Kwa hesabu, vituo 12 vya dakika 5 vinapitisha wanafunzi 12 kwa saa. Wanafunzi 120 watakula saa 10 na wasimamizi 12. Ni kazi ya siku mbili na inahitaji kitivo kizima kishirikiane, ndiyo maana haifanywi kila intero. Faida yake kubwa kwangu ni ile ya mamlaka. Pointi za mwanafunzi zimetoka kwa watu 12, kila mmoja ameandika kwenye orodha yake. Hakuna anayeweza kuziuza peke yake, na hakuna anayeweza kumwangusha mtu peke yake.

Sheria inaweza kuazima nusu ya mpango huo bila gharama. Weka meza 3 ukumbini, milango wazi, mhadhiri na maasistenti wawili. Kila meza ina kisa chake na gridi yake, dakika 5 kila mwanafunzi. Muda wa mwanafunzi ni dakika 15, lakini watatu wanapita kwa pamoja. Swali la kufuatilia, lile la miezi 18, linabaki. Mlango uliofungwa unaondoka.

TP, staji na TFC

Kazi za nje ya ukumbi zilikuwa fahari yetu, na sasa ndizo dhaifu kuliko zote. Ripoti za TP (kazi za vitendo) za kemia zilinakiliwa tangu zamani, kundi moja linapima na makundi manne yanaandika. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, hata aliyekuwa hana rafiki wa kunakili kwake anaandikiwa na simu. Maandishi mazuri yaliyofanyiwa nyumbani hayathibitishi tena nani ameyawaza.

Wapo wenzangu wanaotaka kuziondoa kabisa na kurudi kwenye karatasi ya ukumbini. Sikubaliani nao. Maabara inaonyesha makosa ambayo hakuna mtihani unaoyaona: mkono unaomimina haraka mno wakati rangi iko karibu kugeuka, daftari lisilo na tarehe, namba iliyofutwa kwa sababu haikupendeza. Shamba nalo ni hivyo hivyo. Mwanafunzi wa kilimo hawezi kuonyesha kwenye karatasi kwamba aliliacha hindi lake lizidiwe na magugu katikati ya masika. Kinachotakiwa ni kuhamisha pointi kutoka kwenye ripoti kwenda kwenye tendo na kwenye utetezi. Mpe kila mwanafunzi sampuli yake, yenye kiasi cha shaba unachokijua wewe tu. Pima daftari la mezani, lile lenye madoa, kabla hajatoka maabara. Kisha dakika 3 za kuuliza: kwa nini ulirudia kipimo cha pili? Ripoti iliyopigwa chapa ibaki na pointi chache.

TFC (kazi ya mwisho wa masomo) na memuari zifuate njia hiyo. Utetezi mbele ya juri mara nyingi huja mwishoni, wakati kazi imekwisha na familia imeshanunua vinywaji, na hapo ni vigumu kwa mtu yeyote kusema ukweli. Ningechagua vikao viwili vifupi katikati ya mwaka. Mwanafunzi wa Lettres aje na rekodi za mahojiano yake ya mitaa yetu ya Kenya au Kamalondo, wa Polytechnique aje na namba ghafi za staji. Anayeulizwa juu ya data yake Machi hawezi kuletewa memuari iliyokamilika Julai na mtu wa kuiandika.

Kuhusu pointi za staji zenyewe, karatasi inayojazwa na kampuni au hospitali karibu kila mara inasema "vizuri sana". Msimamizi wa huko hana sababu ya kumwudhi kijana wa bure. Ipokee kama uthibitisho kwamba alihudhuria, na usiipe zaidi ya hapo.

Kuchagua kwa hali uliyo nayo

Una watu zaidi ya 300 na huna asistenti: fanya QCM mbili zenye majibu mabaya yaliyotungwa kwa makosa halisi, na mtihani wa mwisho wa maswali 3 mafupi ya kueleza sababu, kila moja na nafasi ya mistari 8, si zaidi. Mistari 8 inamlazimisha kuchagua la kusema, nawe unasoma kwa dakika 4.

Una watu kati ya 40 na 150: hapa uhuru ni mkubwa, na hapa ndipo uvivu unaposhangaza. Kisa cha kuandika chenye gridi, pamoja na meza 3 za mdomo, kinafaa Sheria, Uchumi, Saikolojia, hata Polytechnique kwa kozi za usalama wa mgodi. Tiba ifanye vituo angalau mara moja kabla ya kumpeleka mwanafunzi wodini.

Una watu chini ya 40, kama kozi nyingi za master: acha QCM kabisa. Wasikilize.

Na ukiwa na nguvu ya kubadilisha kitu kimoja tu mwaka huu, badilisha sesio ya pili, ile ya marudio. Desturi ni kurudia mtihani wa aina ile ile wenye maswali mengine, na mwanafunzi anarudi na kosa lile lile. Gridi za sesio ya kwanza zinakuambia tayari alianguka wapi: kwenye chanzo, kwenye hatua, kwenye kumwuliza mgonjwa. Mwite kabla ya sesio ya pili, mwonyeshe karatasi yake na gridi yake kwa dakika 5, kisha mpime kwa njia inayoweza kuonyesha kwamba kosa hilo limekwisha. Aliyeangushwa na Kifaransa cha kuandika katika Sheria apewe meza ya mdomo na kisa cha kuandika cha nusu ukurasa. Aliyepata 68 kwenye malakiti aletewe ripoti 3 za maabara, mbili za uongo, na aseme zipi.